Mazembe ni ya Katumbi, au Katumbi ni wa Mazembe?

BWERA, KASESE

Oktoba 2022 klabu ya Vipers ya Uganda ilisafiri hadi Lubumbashi ikaitoa TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mechi ya kwanza, Kitende, iliisha bila bao. Ya marudiano nayo ikaisha bila bao, kisha Vipers wakashinda kwa penalti 4-2, ndani ya uwanja ambao Mazembe waliujenga wenyewe. Aliyesimama langoni mwa Vipers alikuwa Mkongomani, Alfred Mudekereza. Ilikuwa miezi mitatu tu tangu Kongo ikamilishe taratibu za kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Makaribisho ya soka yakawa hayo.

Hapa mpakani haikuwa rahisi kujua nani acheke na nani anune. Ng'ambo hii ya mto Lhubiriha ni Mpondwe na Bwera, ng'ambo ile ni Kasindi, na watu ni walewale. Huku wanaitwa Wakonzo, kule Wanande, lugha ni moja, na mara nyingi ukoo ni mmoja. Anayepeleka saruji, sabuni na chumvi ya Katwe upande wa Beni na Butembo ndiye anayerudi na habari za mpira wa kule. Tuseme ukweli, wengi wetu ni watu wa Ligi Kuu ya Uingereza, na Jumamosi jioni vibanda vya video vya Kasese hujaa kwa ajili ya Arsenal na Manchester United. Lakini klabu ya Kiafrika ambayo mtu wa huku anaweza kujisifia nayo bila kuona haya ni hiyo ya jezi nyeusi na nyeupe, ingawa Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa mstari wa ndege. Butembo wana timu yao, Nyuki, iliyowahi kucheza ligi kuu ya Kongo. Nyuki wanapendwa kama ndugu. Mazembe wanapendwa kama tajiri wa ukoo.

Na kama ilivyo kwa tajiri wa ukoo, mazungumzo juu ya Mazembe hayamalizi dakika tano kabla ya kufika kwa mtu mmoja, Moïse Katumbi Chapwe. Ikishinda anasifiwa, ikifungwa analaumiwa, na wakati mwingine mtu yuleyule anafanya yote mawili kwa pumzi moja. Kwa nini?

Kutoka samaki hadi shaba

Katumbi alizaliwa Desemba 1964 Kashobwe, karibu na ziwa Mweru. Baba yake alikuwa Myahudi wa Kigiriki kutoka kisiwa cha Rhodes, mama yake Mkongomani. Fedha zake za kwanza alizipata katika biashara ya samaki. Wenzetu wa Katunguru wanaosafirisha samaki wa chumvi hawahitaji kuelezwa kazi hiyo ina harufu gani na ina faida gani. Baadaye akaingia kwenye kandarasi za migodi ya shaba ya Katanga, na huko ndiko utajiri mkubwa ulikotoka. Mwaka 1997, mwaka ule ule Mobutu alipoanguka, akashika uongozi wa Mazembe. Cheo chake ni rais wa klabu. Mitaani anaitwa mwenye timu.

Aliyoifanyia timu hiyo yanajulikana, lakini si vibaya kuyataja, maana kijana aliyezaliwa baada ya 2010 huenda anadhani ni hadithi. Mwaka 2009 Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuitoa Heartland ya Nigeria kwa bao la ugenini. Mwaka 2010 ikairudia, safari hii ikiwafunga Espérance ya Tunisia mabao 5-0 katika mechi ya kwanza ya fainali. Desemba mwaka huo, Abu Dhabi, kwenye Kombe la Dunia la Klabu, iliifunga Pachuca ya Mexico 1-0, kisha Internacional ya Brazili 2-0. Hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika fainali ile. Inter Milan, wakiwa na Samuel Eto'o, waliwafunga 3-0 na hakuna aliyekasirika. Watoto wa nchi nzima walibaki wakimwigiza kipa Robert Kidiaba, anavyoruka-ruka akiwa ameketi chini kila timu yake inapofunga.

Mwaka 2011 uwanja wa klabu ulifunguliwa Kamalondo, wa watu karibu 18,000. Mwaka uliofuata kikaja chuo cha kulea vipaji. Mwaka 2015 likaja kombe la tatu la Afrika katika zama zake, dhidi ya USM Alger ya Aljeria, Mbwana Samatta wa Tanzania akifunga katika mechi zote mbili za fainali. Timu ile ilikuwa ya ukanda mzima. Mtanzania Samatta na Mtanzania Thomas Ulimwengu, Wazambia Rainford Kalaba na Nathan Sinkala. Na kabla yao Mganda, kiungo Patrick Ochan. Sisi tunaoimba wimbo wa ushirikiano wa kanda kwenye vikao vya forodha tukumbuke kwamba chumba cha kubadilishia nguo cha Mazembe kiliuanza mapema. Mishahara ilifika, na ilifika kwa dola.

Hapo ndipo shabiki anapoanza kuhesabu upande wa pili wa daftari.

Mambo ya 2011 yanafaa kuelezwa taratibu. Mazembe, bingwa mara mbili mfululizo, iliitoa Simba ya Dar es Salaam. Simba wakakata rufaa kwamba Mazembe walimchezesha Janvier Besala Bokungu isivyo halali, na Shirikisho la Soka Afrika likawapa haki. Bingwa akatupwa nje ya mashindano. Klabu yenye fedha za kununua mchezaji yeyote ikakwama kwenye makaratasi ya mchezaji mmoja. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kuona lori zima likikwama Mpondwe kwa sababu ya hati moja anaielewa hasira hiyo. Kisha Katumbi akafanya alichojua kukifanya. Katika Simba ileile iliyomshitaki akawachukua Samatta na Ochan. Simba wakabaki na hukumu, na haikuwafikisha mbali, maana Wydad ya Morocco iliwatoa. Mazembe wakabaki na wachezaji. Wapo wanaoisimulia hadithi hii kama ushahidi wa akili ya Katumbi. Mimi naona inaeleza pia kwa nini klabu nyingine za kanda hazikuwahi kumpenda.

Kisha kuna Trésor Mputu. Kwa wengi ndiye mchezaji mtamu kuliko wote waliovaa jezi ile katika zama hizi. Alibaki Lubumbashi miaka yake bora yote, hadi 2014 alipokwenda Kabuscorp ya Angola, na Ulaya hakuwahi kucheza. Upande mmoja unasema Katumbi aliwaonyesha vijana wa Kiafrika kwamba unaweza kulipwa vizuri bila kwenda kuganda na baridi Ubelgiji. Upande wa pili unasema mshahara mnono ni ngome nzuri, lakini ni ngome. Mputu mwenyewe alijiharibia pia. Mwaka 2010 FIFA ilimfungia mwaka mzima baada ya vurugu dhidi ya mwamuzi kwenye Kombe la Kagame mjini Kigali, na Abu Dhabi hakuwepo. Swali la angefika wapi halina jibu, ndiyo maana linaendelea kuulizwa.

Gavana mwenye timu

Kuanzia 2007 hadi 2015 Katumbi alikuwa gavana wa Katanga, jimbo la shaba na kobalti. Rais wa klabu kubwa, gavana wa jimbo tajiri na mfanyabiashara wa migodi, watatu katika kiti kimoja. Sifa zake za ugavana zipo: barabara, na msimamo wake dhidi ya kusafirisha madini ghafi. Lakini shabiki wa Vita Club au wa Lupopo, jirani wa Mazembe hapohapo Lubumbashi, ana haki ya kuuliza mechi za namna hiyo zilikuwa na usawa gani. Don Bosco, klabu nyingine ya Lubumbashi, iliongozwa na mwanawe Katumbi. Si kosa la Katumbi peke yake. Vita Club yenyewe kwa miaka mingi iliongozwa na Jenerali Gabriel Amisi, ambaye jina lake huku mashariki linakumbukwa kwa mambo yasiyo ya mpira. Soka ya Kongo imezoea kuishi chini ya mwavuli wa mkubwa, na mwavuli una mwenyewe.

Septemba 2015 Katumbi alijiuzulu ugavana na kuachana na Rais Joseph Kabila. Mei 2016 alishitakiwa kwa madai ya kukodi mamluki, akaondoka nchini. Mwezi uliofuata mahakama ikamhukumu, akiwa hayupo, kifungo cha miaka mitatu katika kesi ya nyumba. Yeye alikana yote. Miaka mitatu timu ilichezea nyumbani na mwenyewe akiwa ng'ambo. Na hapa kuna jambo ambalo wanaosema "bila Katumbi hakuna Mazembe" hulipita haraka: katika miaka hiyo Mazembe ilitwaa Kombe la Shirikisho mara mbili, 2016 na 2017. Wengine wanajibu kwamba fedha zilikuwa bado zake na simu zilikuwa bado zake. Inawezekana. Lakini mabao yalifungwa na wengine.

Agosti 2018 alijaribu kurudi ili achukue fomu ya urais. Alifika Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, akazuiwa kuvuka. Picha za tajiri yule amesimama upande wa Zambia, geti limefungwa mbele yake, ziliwagusa watu wa Mpondwe na Kasindi kwa namna ambayo hotuba haiwezi. Huku kila mtu ana siku aliyozuiwa. Mama wa nyanya anajua, dereva wa lori anajua. Kwamba geti linaweza kumfungia hata mtu aliyewahi kuwa gavana wa upande wa pili wa geti hilo, jambo hilo lilimfanya apendwe na watu wasiojua hata kikosi cha Mazembe.

Iliwagusa pia kwa sababu ya hoja iliyotumika. Walimwandama kwa uraia: kwamba aliwahi kuwa Mtaliano, kwamba damu yake ya baba si ya Kongo. Mwaka 2021 mjini Kinshasa ukawasilishwa muswada wa kutaka mgombea urais awe na baba na mama Wakongomani. Haukupita. Lakini mtu wa mpakani akisikia maneno "Mkongomani halisi" anajikagua mfukoni. Mjomba ana kitambulisho cha Uganda, mpwa ana kadi ya mpiga kura ya Kongo, na wote wanazika mahali pamoja. Ikiwa mtoto wa Kashobwe mwenye ndege na migodi anaweza kuambiwa si wa hapa, muuza mawese wa Kasindi ataambiwa nini?

Ni rahisi basi kudhani kwamba mpakani wote ni wa Katumbi. Sivyo. Siasa za kule zimewachosha watu. Mwaka 2018, alipozuiwa, yeye na Antipas Mbusa Nyamwisi, mwanasiasa wa huku Beni, walikuwa pamoja katika muungano wa Lamuka uliomuunga mkono Martin Fayulu. Beni na Butembo hazikupiga kura ya urais Desemba ile. Tume ilisema ni Ebola na usalama. Machi 2023 Mbusa aliingia serikali ya Rais Félix Tshisekedi kama waziri wa ushirikiano wa kikanda, na Katumbi akabaki upinzani. Desemba 2023 Katumbi aligombea mwenyewe, akawa wa pili kwa takriban asilimia 18, Tshisekedi akipewa zaidi ya asilimia 73. Upinzani ulilalamikia uchaguzi ule. Biashara ikaendelea, foleni ya malori ikaendelea.

Kilichobadilika ni jezi. Zamani ukivaa nyeusi na nyeupe ulikuwa unasema unapenda mpira. Sasa mtu anaweza kukusoma vingine. Mfanyabiashara anayevuka kila wiki hapendi kusomwa na askari, na wapo walioamua jezi hiyo ni ya kuvaa nyumbani. Hawakuacha kuipenda timu. Waliacha kuieleza. Hilo, kwangu, ndilo deni zito kuliko yote ambayo Katumbi anadaiwa na mashabiki wake: aliwapa kitu cha kujivunia, kisha maisha yake ya siasa yakakifanya kiwe na gharama.

Mulindwa, Dewji na mgodi wa Kilembe

Waganda tusijifanye watazamaji. Vipers iliyoitoa Mazembe nayo ni timu ya mtu, Lawrence Mulindwa, aliyewahi kuwa rais wa FUFA na aliyejenga uwanja wa Kitende kwenye shule yake. Mechi ile ya Oktoba ilikuwa, ukiitazama kwa jicho la duka, wenye mali wawili wakishindana kwa kutumia vijana wa wengine. Mulindwa hana wasiwasi wa urais, hivyo klabu yake inalala salama zaidi. Lakini muulize shabiki wa Vipers timu itakuwaje siku Mulindwa akichoka, uone kama hatabadilisha mada.

Tanzania walijaribu njia nyingine. Mwishoni mwa 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza Simba, asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, wanachama wakibaki na asilimia 51 kama serikali ilivyotaka. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Mashabiki walibishana kwa miaka kama fedha zimeingia au hazijaingia, na Dewji aliwahi kuachia uenyekiti na kurudi. Pamoja na kelele zote, pale kuna kitu ambacho Lubumbashi hakipo: mwanachama anaweza kusimama mkutanoni akauliza hesabu. Mswahili wa Kariakoo anafoka kwa sababu anajua ana hisa. Shabiki wa Mazembe anafoka kama mgeni aliyealikwa chakula na kukuta chumvi imezidi.

Kasese ina kipimo chake cha mambo haya, nacho kiko juu kidogo ya mji. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese kwa ajili yake. Kila kitu kilitoka kwa kampuni: nyumba, hospitali, shule, viwanja. Shaba ileile iliyojenga Lubumbashi ilijenga Kilembe. Mwaka 1982 uzalishaji ukasimama, na mji ukajifunza ni vitu vingapi vilivyokuwa vyake na vingapi vilikuwa vya kampuni. Reli nayo ikafa. Mwaka 2013 wakaja Wachina wa Tibet Hima na mkataba mpya, 2017 serikali ikauvunja. Mzee wa Kilembe hahitaji mhadhara kuhusu mwenye mali anayeondoka. Ukimwambia Katumbi ndiye kila kitu Mazembe, atakuuliza hati ya uwanja iko kwa jina la nani.

Na ana haki ya kuuliza, maana Mazembe ni mzee kuliko tajiri wake. Ilianzishwa 1939 na wamonaki Wabenedikto kwa ajili ya wanafunzi wao, ikiitwa Saint-Georges. Ikaja kuitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi. Kwa jina hilo ilitwaa ubingwa wa Afrika 1967 na 1968, na ikacheza fainali mbili zilizofuata. Katumbi alikuwa mtoto ambaye hajaanza shule. Kwa hiyo hakuiumba. Aliiokota miaka ya tisini, wakati nchi nzima ilikuwa imelala, akaisimamisha. Kuokota na kuumba si jambo moja, ingawa wanaopiga makofi huchanganya.

Siku hizi timu inayumba. Mwaka 2024 ilifika nusu fainali ya Afrika ikatolewa na Al Ahly ya Misri. Msimu uliofuata iliishia mkiani mwa kundi lake, na Januari 2025 Yanga waliifunga 3-1 Dar es Salaam. Mashabiki wanaolaumu bajeti wanasema fedha zimekwenda kwenye kampeni. Wanaomtetea wanasema mtu anayebanwa kibiashara na serikali hawezi kununua akina Samatta wapya. Upande upi una ukweli zaidi, hesabu za klabu ndizo zingesema, nazo hazibandikwi ukutani.

Katikati ya ubishi huo, Novemba 2024 nchini Morocco, timu ya wanawake ya Mazembe iliwafunga wenyeji AS FAR bao 1-0 na kuwa mabingwa wa Afrika, chini ya kocha mwanamke, Lamia Boumehdi. Wengi waliokuwa wamezikunja jezi walizitoa tena sandukuni. Mpakani, wanawake wa sokoni, ambao kwa kawaida mazungumzo ya Katumbi huwapita pembeni, nao walikuwa na la kusema. Halafu wanaume wakaanza upya palepale: na hili nalo, tumwandikie nani?